Peasi Linataka Moto

Msimu wa matunda ya Usambara hauhitaji kupanda mlima ili uujue. Hujulikana Mombo. Basi la Arusha likisimama tu pale njia panda, madirisha huzingirwa na mabeseni: plamsi zilizopangwa kwa mafungu, mafyulisi yenye vinyweleo, pasheni, karoti zilizofungwa mashada na majani yake bado mabichi, na pembeni kabisa, mara nyingi yakiwa ya mwisho kupata mnunuzi, mapeasi. Ni madogo, ya kijani kilichoingiwa na ukahawia, yana madoa, tena magumu. Abiria huliuma mara moja, akakunja uso, na kilichobaki hupita dirishani kabla basi halijafika Mazinde.

Sisi wa Dar es Salaam tumezoea peasi la namna nyingine, lile la supamaketi lenye kibandiko ubavuni, lililokuja kutoka Afrika Kusini na kuuzwa kwa moja moja. Hilo ni laini, maji yake huchuruzika hadi kwenye kiwiko. Aliyeanza na hilo akikutana na la Mombo huona ametapeliwa. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: hao waliozaliwa wakaikuta miti hii uani kwa babu zao wanalifanyia nini tunda ambalo sisi tunalirusha dirishani? Kwa hiyo nikashuka.

Kijana aliyenifikia wa kwanza alikuwa na maneno tayari. "Kaka, chukua peasi. Linashusha presha, linatibu kisukari, linasafisha figo." Nikamuuliza kwao huwa wanaliandaaje. Akacheka. "Sisi? Sisi tunauza."

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na karibu zote ni za kupanda. Kosta iliyonipeleka ilikuwa imejaa magunia ya unga, mitungi ya gesi na mama mmoja mwenye vifaranga kwenye boksi. Joto la mkonge na vumbi la bondeni lilitufuata hadi kona za mwanzo, kisha likakata. Barabara inashikilia ubavu wa korongo, mto uko chini, na ukifika Soni unayaona maporomoko kando ya njia huku watu wa kwenye gari wakianza kuvaa masweta bila kuambiana. Baada ya Soni milima imegawanywa mashamba madogo madogo: kabichi, viazi, karoti, maharage, migomba, na kwenye mipaka ya mashamba miti ya matunda imesimama mmoja mmoja. Sikuona shamba la mapeasi peke yake. Mpeasi kule ni mti wa kando ya nyumba, jirani na banda la ng'ombe.

Mpeasi ni mti wa nchi za baridi, wa ukoo mmoja na waridi, tufaha na plamsi. Kwao Ulaya hupukutisha majani, hulala miezi ya baridi kali, kisha huamka na kutoa maua yote kwa pamoja. Usambara hakuna baridi ya kuulaza hivyo. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kuna ukungu na asubuhi za kutoa mvuke mdomoni, lakini mti haupati usingizi kamili. Ndiyo maana katika mti mmoja nilikuta tawi lenye matunda ya kuchumwa na tawi jingine lenye maua machache yaliyokosea kalenda.

Walioileta miti hii wanajulikana. Wamisheni wa Bethel waliweka kituo Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikaanzisha shamba la majaribio Kwai, ikitaka kujua ng'ombe, mboga na matunda gani ya kwao yangestahimili huku. Lushoto yenyewe wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mzungu wa zama zile alitaka kula alivyokula kwao, na mtu wa kaskazini mwa Ujerumani hakukubali kwamba amefika mahali mpaka aone mti wa peasi mlangoni. Wenyewe waliondoka, vita ikawaondoa. Miti ikabaki, watoto wakaendelea kuipanda.

Sokoni Lushoto mapeasi huuzwa kwa sado, yaani ile ndoo ndogo ya rangi inayotumika kupimia kila kitu kuanzia mahindi hadi dagaa. Muuzaji niliyekaa naye, mama wa makamo mwenye kanga mbili begani, alinieleza biashara kwa maneno machache: dalali wa Dar akija anataka karoti, kabichi, pilipili hoho na nyanya. Plamsi anazitaka kwa sababu zina rangi. Peasi analiangalia tu. "Wanasema halina sura," alisema, akaongeza dogo moja juu ya sado yangu kama nyongeza. Nikamuuliza wa kunifundisha kulipika yuko wapi. Akanielekeza kwa mama mmoja njia ya kwenda Irente, aliyekuwa mpishi katika hosteli ya misheni kwa muda mrefu na sasa anapangisha vyumba viwili nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulala au umekuja kula?"

Nikamwambia nimekuja kupika. Alinitazama kidogo, akatazama kamera begani, kisha akaniashiria nizunguke nyuma, jikoni.

Jiko lake liko nje ya nyumba kubwa: kibanda cha mbao, jiko la mkaa, mafiga matatu kwa ajili ya sufuria kubwa, na dirisha linaloangalia mpeasi wenyewe. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa cha jikoni. Alinitoa nje, akashika tunda mtini kwa kiganja, akaliinua taratibu mpaka likalala ubavu. Kikonyo kikaachia tawi chenyewe. "Hili tayari." Akashika jingine, akaliinua vilevile, likagoma. "Hili liache." Hakuna kuvuta, hakuna kuminya, hakuna kungoja lilainike juu ya mti.

Sababu yake ninaijua kutoka vitabuni, ila kuiona ilikuwa jambo jingine. Peasi la asili ya Ulaya huiva kutoka ndani kuja nje. Likiachwa mtini mpaka nje palainike, moyo wake unakuwa umeshageuka kahawia na kuoza. Kwa hiyo huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, na kuiva kunafanyika ndani ya nyumba, siku kadhaa. Mama huyu huyaweka kwenye kapu pamoja na ndizi mbivu, akafunika kwa gunia. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliambia peasi nalo liive. Ukitaka kujua kama liko tayari kuliwa bichi, usiminye tumboni. Bonyeza shingoni, karibu na kikonyo. Pakikubali kidole, kula leo.

Hapo ndipo lilipo tatizo la peasi la Mombo. Wauzaji wanalichuma wakati unaofaa, kisha linauzwa siku hiyohiyo kwa mtu atakayeliuma siku hiyohiyo. Tunda halina kosa, limeharakishwa tu.

Lakini mama hakuwa na haja sana na yale ya kwenye kapu. "Yakishalainika ni ya watoto," alisema. "Ya kupika ni haya magumu." Akamimina sado yangu yote kwenye karai la maji.

Tulianza na kilicho chepesi. Mapeasi sita, kila moja limekatwa nusu, moyo na mbegu zimetolewa kwa ncha ya kijiko. Maganda hakumenya. Nilipochukua kisu kutaka kumenya, aliniondolea mkononi. Aliyapanga kwenye sufuria upande uliokatwa ukiangalia chini, akatia maji ya kuyafunika kwa shida, akabonda punje nne za iliki kwa kitako cha kikombe, akavunja kijiti cha mdalasini, akakata vipande viwili vya tangawizi, akakamulia nusu limau. Sukari hakutia. Akafunika, akapunguza mkaa hadi maji yakawa yanatetemeka bila kutokota.

Ukipika hivi huwezi kutegemea saa. Mapeasi ya mti mmoja hayaivi pamoja. Kila baada ya muda alifunua, akachoma kwa ncha ya kisu, akafunika tena. Mengine yalichukua nusu saa, mengine zaidi. Yalipolainika aliyaopoa, akaacha supu yake iendelee peke yake bila mfuniko hadi ikabaki robo, ikawa nzito na rangi ya chai hafifu, kisha akaimwagia juu. Nilionja nikitarajia kitu cha kumpa mgonjwa. Nilikuta utamu kamili, wenye harufu, ambao usingeamini kwamba hakuna kijiko hata kimoja cha sukari ndani yake. Uchachu wa limau ndio unaoushikilia utamu usichoshe, na ganda lina ukali kidogo unaobaki nyuma ya ulimi.

Waholanzi nao wana peasi lao la jikoni, Gieser Wildeman, gumu kiasi kwamba hakuna anayelila bichi. Hulipika kwa moto mdogo saa mbili au tatu mpaka nyama yake nyeupe inageuka nyekundu yenyewe, kwa sababu ya tanini zilizomo. Nilimsimulia mama habari hiyo. Aliuliza, "Na mkaa wanauza bei gani huko?"

Chembechembe zile ngumu zinazosagika menoni hazikuisha kwa kupikwa, na wala haziwezi kuisha. Ni seli zenye kuta nene, za namna ileile inayofanya ganda la karanga na kokwa la fyulisi kuwa gumu, isipokuwa kwenye peasi zimetawanyika ndani ya nyama laini. Peasi la kisasa limechaguliwa vizazi kwa vizazi ili zipungue. La Usambara bado linazo za kutosha, nami nimeanza kuzipenda.

Wakati tunangoja, nilimweleza maneno ya kijana wa Mombo: presha, kisukari, figo. Mama ana mume mwenye kisukari, mzee aliyekuwa ameketi barazani na redio yake. Hakucheka. "Dawa ya kisukari ya mzee iko hospitali, na kliniki anakwenda kila tarehe yake. Hili ni mboga."

Ningependa kila muuza matunda wa njia panda alisikie hilo. Tuna tabia, na sisi waandishi tumeichochea, ya kulipa kila tunda cheo cha dawa. Peasi halikistahili na halikihitaji. Anayetafuta vitamini C ale pera: pera lina zaidi ya gramu 0.2 za vitamini hiyo katika kila gramu 100, wakati peasi zima la wastani lina takriban miligramu 8 tu. Anayetafuta potasiamu, ndizi moja ina karibu mara mbili ya peasi moja. Kitu ambacho peasi linacho kwa kweli ni nyuzinyuzi. Tunda la wastani, la gramu kama 180, lina gramu 5 hadi 6 za nyuzinyuzi na kalori zisizozidi 100 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za matunda na mboga. Peasi moja basi ni kama robo ya safari ya nyuzinyuzi za siku nzima, na mawili yamekaribia kumaliza hesabu ya matunda na mboga.

Sehemu nzuri ya nyuzinyuzi hizo iko kwenye ganda, ndiyo sababu nilinyang'anywa kisu. Nyingine ni pektini, ile inayofanya supu ya sufuriani iwe nzito. Moto hupunguza vitamini C, ambayo tayari ilikuwa ndogo, lakini nyuzinyuzi hazikimbii moto. Ukilisaga peasi hilohilo na kuchuja juisi, unabaki na sukari yake na kutupa kile ulichokuwa unakitafuta. Sukari inayo: gramu 17 hivi kwa tunda moja. Ndani ya tunda zima, pamoja na nyuzinyuzi zake, huingia kwenye damu polepole. Ndani ya glasi ya juisi huingia mbio, na wataalamu wa lishe huihesabu kundi moja na sukari ya kwenye soda. Kwa hiyo hata mwenye kisukari anaweza kula peasi, akilihesabu ndani ya chakula chake kama alivyoelekezwa kliniki. Mzee wa pale hula nusu, na chai yake sasa anainywa kavu.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Peasi lina sobitoli, sukari ya namna yake ambayo utumbo hauinyonyi yote. Inavuta maji tumboni, ndiyo maana peasi humsaidia mwenye choo kigumu, mtoto na mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye tumbo jepesi akila matatu kwa mkupuo atalala na gesi. Abiria wa safari ndefu na ajihadhari.

Chakula chenyewe kilikuja jioni, na hicho ndicho kilichonipeleka.

Kaskazini mwa Ujerumani kuna sahani ya miezi ya mavuno ambayo majina yake ni viungo vyake: mapeasi, maharage na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mapeasi madogo magumu hupikwa mazima, na vikonyo vyake, juu ya maharage machanga. Mama aliipika hosteli miaka mingi kwa ajili ya wageni waliokuja na hamu ya kwao. Yeye ni Mwislamu. Nyama ya nguruwe aliipitisha kwenye sufuria ya wageni bila kuonja, na nyumbani akaunda ya kwake. Nilikaa kwenye kigoda nikaandika kila kitu.

Kitunguu maji kikubwa kimekatwa mwezi, kikakaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta hadi kikawa kahawia sawasawa. Kahawia, alisisitiza, si njano, kwa sababu kitunguu ndicho kinachoshika nafasi ya ile nyama. Maharage machanga kama nusu kilo, ncha zimeondolewa, yamevunjwa kwa mkono katikati, yakafuata, yakageuzwa mpaka yakang'aa. Chumvi, pilipili manga iliyotwangwa wakati uleule, kikombe kimoja cha maji, na tawi la rosemari lililochumwa kando ya bomba. Kisha mapeasi madogo manane, mazima, yameoshwa tu na kitako chake kimesafishwa kwa kisu, yakasimamishwa juu ya maharage, vikonyo juu. Mfuniko ukawekwa, na juu ya mfuniko makaa mawili matatu, kama anayepika wali wa kupalia.

Usikoroge. Hilo alilisema mara nyingi kuliko jingine lolote. Mapeasi yanaiva kwa mvuke wa maharage, na maji yake yanadondokea chini taratibu. Ukikoroga yanavunjika na unapata rojo. Alipofunua baada ya nusu saa na ushei, ngozi za mapeasi zilikuwa zimejikunja, rangi imekuwa ya shaba, na kwenye vitako vyake kitunguu kilikuwa kimenata. Viazi mviringo vilikuwa vimechemshwa pembeni na maganda yake.

Unalishika peasi kwa kikonyo. Hicho ndicho kilichoniridhisha kupita vyote: kikonyo kinafanya kazi ya uma. Unalichovya kwenye mchuzi wa maharage, unang'ata, chumvi inakuja kwanza na utamu baadaye. Maharage nayo yamekunywa maji ya tunda, yana utamu ambao huwezi kuutaja umetoka wapi kama hukuona sufuria. Pilipili manga inaamsha vyote viwili. Mzee aliletewa sahani yake barazani: maharage mengi, kiazi kimoja, peasi moja. Mimi nilipewa mawili, kisha la tatu, nikakumbuka habari ya sobitoli nikalirudisha.

Tazama sahani hiyo ilivyojengwa. Mafuta vijiko viwili kwa watu wanne. Nyama hakuna. Mboga ndiyo kubwa, wanga ni kidogo, na utamu umetoka kwenye tunda. Daktari yeyote angeisaini. Na hakuna aliyekula akiwa na sura ya mtu anayetimiza masharti. Mahubiri mengi ya lishe hushindwa hapa: humwambia mtu apunguze, apunguze, apunguze, bila kumwonyesha kitu cha kuweka mahali pa alichopunguza. Peasi gumu linaingia moja kwa moja pale sukari na kipande cha nyama vilipotoka.

Asubuhi nilipanda hadi Irente. Ukifika ukingoni, mlima unakatika, na chini yako, karibu kilomita nzima, kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepigwa mistari, na barabara ya Arusha ambayo kutoka juu haina kelele yoyote. Mandhari hayo yameshaandikwa sana. Mimi nilikwenda kwa ajili ya jibini. Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, hutengeneza jibini, mkate wa shayiri nyeusi na jamu za matunda ya milimani, na mgeni anaweza kuketi bustanini akaletewa mlo huo mezani. Nilikuwa na peasi bivu la kwenye kapu la mama mfukoni. Nikalikata vipande vyembamba, nikaweka juu ya mkate wenye jibini laini. Mkate ni mzito na mchachu, jibini lina chumvi kidogo, peasi linaleta maji. Sina zaidi la kusema kuhusu kifungua kinywa hicho isipokuwa kwamba niliagiza mkate wa pili.

Jamu nilizitazama tu. Jamu ni njia nzuri ya kuokoa matunda yasioze, na kina mama wengi wa Lushoto wanapata fedha kwayo. Lakini jamu ya kienyeji hupikwa kwa sukari inayokaribia uzito wa tunda lenyewe, na kuiita chakula cha afya kwa sababu ina picha ya tunda kwenye kopo ni kumdanganya mnunuzi. Kama lengo ni kuhifadhi, mama wa njia ya Irente hukata mapeasi vipande vyembamba, akayachovya kwenye maji ya limau yasigeuke rangi, akayaanika juu ya wavu chini ya kitambaa cha chandarua. Jua la Usambara halitabiriki, ukungu ukija unayaingiza ndani mbio. Yakikauka vizuri huwa kama ngozi laini na hukaa kwenye kopo lililofungwa miezi. Ndiyo peremende za wajukuu wake.

Aliniaga na kapu. Kila peasi lilikuwa limeviringishwa gazeti, yameegeshwa vikonyo chini, nyasi kavu katikati, na sharti kwamba kapu lisikae juu ya injini ya kosta. Yalifika Dar mazima.

Nyumbani nimeyatumia kwa namna tatu ambazo sikuziona Lushoto. Ya kwanza ni kachumbari. Peasi gumu, bichi kabisa, likikatwa vijiti vyembamba na kuchanganywa na kabichi, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbichi na limau, linakaa mahali pa tango na kufanya kazi bora kuliko tango, kwa sababu halitoi maji na kuloweka bakuli. Limau litiwe mara tu baada ya kukata. Kimeng'enya kilichomo kikikutana na hewa, vipande vinakuwa kahawia ndani ya dakika.

Ya pili ni uji. Nusu peasi likikwaruzwa na ganda lake, likatiwa kwenye uji wa ulezi dakika tano kabla ya kuepua, watoto wa nyumbani hawakuuliza sukari iko wapi. Asubuhi ya pili waliuliza, nikaongeza nusu nyingine na iliki.

Ya tatu ni mishikaki. Wakorea hulikwaruza peasi lao, lile la duara lenye maji mengi, kwenye nyama ya kuchoma ili ilainike, kama sisi tunavyotumia papai bichi. La Usambara ni la jamii nyingine na kulainisha si kazi yake. Papai bado ni mfalme. Ila pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, huipa nyama rangi na utamu ambao watu huutafuta kwa kumwaga tomato sosi. Kwa kilo moja ya nyama peasi moja linatosha. Ukizidisha, nje inaungua kabla ndani haijaiva, na itabidi uinue wavu juu kidogo ya mkaa na kugeuza kila dakika.